Safari ya kukitafuta kijito cha akina Sykes

Shemeji yangu ameishi Leeds kwa miaka mingi, na bado anaongea kama mtu aliyetoka Kariakoo jana. Asubuhi ile ya mwezi Machi alinitazama nikifunga kamba za viatu, akaniuliza kwa upole uliochanganyika na kejeli: "Shemeji, umepanda ndege kutoka Dar es Salaam mpaka huku, na leo unapanda treni kwenda kutazama mtaro?" Nilimjibu kwamba si mtaro, ni kijito, na kwamba kijito hicho kimebeba jina ambalo yeye na mimi tumelisikia tangu utotoni, kabla hatujasikia jina la mto wowote wa Uingereza. Akacheka, akanikabidhi mwavuli, akaniambia nisisahau kurudi kabla ya futari.

Jina lenyewe ni Sykes. Waingereza hulitamka kwa silabi moja tu, nasi tumeliongezea irabu mwishoni ili lipate kupumua. Kwa Mtanzania wa umri wangu, jina hili halina Uingereza ndani yake hata chembe. Ni jina la Kleist Sykes, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894 na kuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Ni jina la wanawe Abdulwahid, Ally na Abbas. Ni jina lililoandikwa kwenye kadi za mwanzo kabisa za TANU mwaka 1954, ambapo Nyerere alipewa namba 1, Ally namba 2 na Abdulwahid namba 3. Wadogo zetu wanalijua kwa Dully Sykes na muziki wake. Ndiyo maana siku yangu ya pili Leeds, nilipoliona limeandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa gari la fundi bomba, nilishtuka kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. Baadaye nilipojua maana yake, niliona kwamba kwa fundi bomba hakuna jina linalofaa zaidi.

Nilipanda treni ya kwenda Huddersfield, nikashuka mbele ya uwanja mpana ambapo sanamu ya Harold Wilson, waziri mkuu wa zamani aliyezaliwa mji huo, inaonekana kama inawahi kazini. Hapo nikabadilisha treni, nikachukua ile ndogo inayosimama kila kituo na kupanda bonde la mto Colne kuelekea milima ya Pennine. Bonde hili ni jembamba na lina kiza hata mchana. Nyumba zake ni za mawe magumu yaliyosawijika kwa masizi ya viwanda vya sufu, na kwenye ghorofa za juu kuna safu ndefu za madirisha yaliyobanana, kwa sababu huko ndiko wafumaji walikoweka vitanda vyao vya kufumia, wakahitaji kila tone la mwanga.

Nilishuka Slaithwaite. Herufi zote hizo hazitamkwi. Wenyeji husema "Slawit" na kuendelea na safari zao. Katikati ya mji unapita mfereji wa boti uliowahi kufukiwa ukawa njia ya watu, kisha ukafukuliwa, na mwaka 2001 boti zikaanza kupita tena. Wenyeji wana kisa chao kuhusu mfereji huo, kwamba mababu zao walikuwa wakitoa humo usiku mapipa ya pombe ya magendo, na walipofumaniwa na wenye mamlaka wakajifanya mazuzu, wakadai wanauvuta kwa reki mwezi ulioangukia majini. Kisa hiki kinasimuliwa pia sehemu nyingine za Uingereza, lakini hapa wamekifanyia hata tamasha.

Sikuja kwa ajili ya mwezi. Nilikwenda moja kwa moja kwenye makaburi ya kanisa, kwa kuwa hakuna rejista ya ukoo iliyo wazi kuliko makaburi. Mawe mengi yamefunikwa na kuvu la kijani, hata baadhi ya majina niliyasoma kwa kidole kuliko kwa macho: Sykes, Haigh, Sykes, Shaw, Hirst, Sykes mwanamke mke wa Sykes mwanamume, tena Sykes. Palikuwa na mzee mmoja akimtembeza mbwa, akaniuliza kama nimepoteza mtu. Nilipomweleza ninachotafuta aliniita "mpenzi", kama wanavyomwita kila mtu huko, hata madereva wa mabasi, akaniambia kwamba mama yake mzazi alizaliwa Sykes na kuolewa na Sykes, na hawakuwa ndugu wa kujulikana. Kisha akasema kama nina viatu vya maana angenionyesha kitu chenyewe, kwa kuwa mbwa naye alikuwa anataka kupanda mlima.

Tulipanda kwa muda wa karibu saa nzima, tukipita kati ya kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, mpaka mashamba yakaisha na nyika ya kahawia ikaanza. Mzee alisimama, akaelekeza fimbo yake kwenye mstari wa ndago uliokuwa na kijani tofauti kidogo na majani mengine. "Ndiyo hiyo," alisema. Mimi sikuona kitu. Nilipiga hatua moja mbele ili nione vizuri, na mguu wangu wa kulia ukazama mpaka juu ya kifundo katika maji baridi kiasi kwamba nilipiga kelele kwa Kiswahili. Nilipoinama nilikiona: ukanda wa maji usiofika upana wa dhiraa moja, wenye rangi ya chai ya rangi kwa sababu ya udongo wa mboji unaoyachuja, ukitembea chini ya majani bila haraka na ukitoa sauti ndogo kama ya mtu anayemeza mate. Hauhitaji daraja, kwa maana mtoto anaweza kuuruka. Mzee alisema kwamba kiangazi kikiwa kizuri unakauka wote, ukabaki ufa tu kwenye udongo.

Hicho ndicho *sike*. Neno hili ni la Kiingereza cha kale, lilikuwa likiandikwa *sīc*, na Waskandinavia walioitawala sehemu hii ya nchi walikuwa na neno la kwao linalofanana nalo. Lilimaanisha kijito kidogo, hasa kile kinachopita kwenye ardhi chepechepe na mara nyingi kutumika kama mpaka kati ya shamba na shamba. Kusini mwa Uingereza neno limekufa. Huku kaskazini na Uskoti bado liko kwenye ramani na kwenye midomo ya wafugaji wa kondoo. Mtu aliyejenga kibanda kando ya kijito cha aina hiyo aliitwa fulani wa kwenye *sike*, na ile *s* ya mwisho ilikuja baadaye, ama kwa kuwa vijito vilikuwa zaidi ya kimoja, ama kwa mazoea ya Kiingereza ya kuonyesha kwamba mtu ni wa mahali fulani.

Kilichomfanya mtu huyo awarithishe wanawe jina la kijito ni serikali na kodi zake. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, majina ya watu yalipungua mpaka kila kijiji kikajaa akina William, John na Robert, na karani aliyetumwa kukusanya fedha hakuweza kujua William yupi ameshalipa. Mwaka 1379 mfalme Richard wa Pili alitoza kodi ya kichwa ili kugharimia vita vyake na Ufaransa, na raia wa kawaida mwenye zaidi ya miaka 16 alitakiwa kutoa peni 4, mume na mke wakihesabiwa pamoja. Orodha za kodi hiyo katika eneo la magharibi mwa Yorkshire, jimbo lenye Leeds na bonde hili, zimehifadhika vizuri, na ni hazina kwa wachunguzi wa majina, kwa kuwa zinawaonyesha watu wakiwa katikati ya mabadiliko hayo: wengine wanatajwa kwa kazi zao, wengine kwa baba zao, na wengine kwa mahali, kwa neno la Kifaransa *del* likitangulia jina la mlima, msitu au kijito. Sisi ambao babu zetu waliikimbia kodi ya kichwa maporini hatuhitaji kuelezwa jinsi karani anavyoweza kumpa mtu jina asilolichagua.

Sasa, vijito vya aina hii viko maelfu kaskazini mwa Uingereza. Kwa hiyo wataalamu walikuwa wakiamini, na ndivyo mantiki inavyotaka, kwamba jina Sykes lilizuka sehemu nyingi kwa nyakati tofauti, na kwamba akina Sykes si ukoo mmoja. Mtu aliyeitikisa imani hiyo alikuwa naye Sykes: Bryan Sykes, profesa wa jenetiki wa Chuo Kikuu cha Oxford. Kromosomu Y, sehemu ya vinasaba waliyo nayo wanaume tu, hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, sawasawa na jina la ukoo la Kiingereza, kwa hiyo aliwaandikia wanaume wenye jina lake katika Yorkshire na mikoa ya jirani akiwaomba sampuli za chembe za mwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Kati ya wanaume 48 waliopimwa, 21 walikuwa na kromosomu Y ya aina moja, aina ambayo haikuonekana kwa watu wengine wa eneo hilo waliolinganishwa nao. Hitimisho lake lilikuwa kwamba akina Sykes wa leo wametokana na mtu mmoja aliyeishi miaka 700 hivi iliyopita, na kwamba wale wasiolingana wanaweza kuelezwa na watoto waliopewa jina bila damu, kwa kuasiliwa au kwa siri za nyumbani, kwa wastani wa asilimia 1.3 tu katika kila kizazi.

Mimi si mwanasayansi, lakini watu 48 ni wachache, na katika karne 7 ukoo mmoja unaweza kujaliwa wavulana tele huku mwingine ukijaliwa mabinti watupu na jina lake likafa bila mtu kutenda kosa lolote. Huenda walikuwepo akina Sykes wengine wa vijito vingine, nao wakapotea. Hata hivyo, nikiwa nimesimama pale na kiatu kilichojaa maji, nilivutiwa na wazo kwamba jina lenye maana ya jumla kiasi hicho, kama mtu kuitwa Bondeni au Mtoni, lingeweza kuwa na mzee wake mmoja, na pengine bonde lake moja. Mpaka sensa ya 1881 jina hili lilikuwa limesongamana zaidi eneo la Huddersfield kuliko kwingine kokote nchini, na hata leo, ingawa limefika Australia na limeenea sana Marekani, ambako sehemu kubwa ya wanaolibeba ni Wamarekani weusi kama mchekeshaji Wanda Sykes, ngome yake Uingereza ni Yorkshire. Sir Mark Sykes, aliyegawana ramani ya Mashariki ya Kati na Mfaransa Picot mwaka 1916, alikuwa wa Yorkshire pia, ila wa upande wa mashariki, wenye majumba makubwa na farasi.

Tukiwa tunateremka, mzee aliniuliza jina langu la ukoo. Nilimweleza kwamba jina langu la mwisho ni jina la baba yangu, la baba yangu ni la babu, na wanangu wanaliacha langu na kubeba la baba yao. Nilidhani atashangaa. Badala yake alisema hata wao walikuwa hivyo: bonde lilipojaa akina Sykes hata jina halimtofautishi mtu na mwenzake, watu walirudi kuitana kwa baba. Upande wa pili wa nyika, Saddleworth, kulikuwa na baa iliyojulikana kwa jina la mwenyewe, Bill o' Jack's, yaani Bill wa Jack, na mwanawe akaitwa Tom o' Bill's. Wote wawili waliuawa humo mwaka 1832. Hakuna aliyehitaji kuwaita Bradbury, ingawa ndivyo kaburi lao linavyosema.

Hapo ndipo Sykes wa Dar es Salaam walipoingia vizuri mahali pao. Baba yake Kleist alikuwa Sykes Mbuwane, askari mwenye asili ya Kizulu aliyeletwa kutoka Inhambane, Msumbiji, katika jeshi la Mjerumani Hermann von Wissmann. Kwake yeye Sykes lilikuwa jina la kuitiwa, na Mbuwane ndilo la kwao. Kleist alilibeba kwa desturi yetu, Kleist wa Sykes kama Bill wa Jack, kisha likaganda na kuwa la ukoo kwa wanawe na wajukuu. Halikupitia kijito chochote. Jina lilelile liko pia Unguja kwa mlango mwingine kabisa: kima wa msitu wa Jozani, yule mwenye koo jeupe, kwa Kiingereza anaitwa kima wa Sykes, kwa kuwa mwaka 1831 ofisa wa Kampuni ya India Mashariki, William Henry Sykes, alimweleza kitaalamu kutokana na mnyama anayeaminika alitoka Zanzibar. Mzee alilipenda hilo la kima kuliko kromosomu zote.

Nilifika Leeds dakika chache kabla ya adhana. Shemeji alitazama suruali yangu iliyoloa mpaka gotini. "Umekiona?"

"Nimekikanyaga."

"Kina ukubwa gani?" Nilimwonyesha kwa viganja viwili. Akaitazama ile nafasi kati ya mikono yangu kwa muda, akanisogezea tende, akasema kwamba pale Jangwani mvua ikinyesha nusu saa wangepata akina Sykes mia. Soksi niliiloweka kwenye sabuni usiku kucha. Ile rangi ya chai haikutoka.