Kalenda za Babu: Safari ya Mbulu kupitia Karatu

Mwaka 2025 familia ilikubaliana misa ya kumbukumbu ya Babu isomwe nyumbani Mbulu, Desemba, katikati ya Majilio, majuma ya kungojea Krismasi, shule zikiwa zimefungwa na sisi wa Dar es Salaam tukiwa na nafasi ya kupanda. Nililala Arusha, na alfajiri nikadaka Kosta inayopita Karatu. Ipo njia nyingine, ya kuzungukia Babati na kupandisha ukuta wa Bonde la Ufa kule Dareda, na ndugu zangu wengi waliichagua hiyo. Babu aliipenda hii ya Karatu, na sababu yake ilikuwa mtu mmoja: mwanariadha Filbert Bayi.

Tulipotoka mjini bado kulikuwa na kiza, na tayari vijana walikuwa wanakimbia kando ya lami, mmoja nyuma ya mwenzake, pumzi zikitoka kama moshi. Babu asingewapita kimya. Angefungua dirisha na kuwapungia hata kama abiria wote wanalalamika baridi. Mimi niliwapungia nikiwa nimefunga kioo.

Makuyuni tuliacha barabara ya Babati na Dodoma, tukakata kulia. Mto wa Mbu kina mama walizunguka gari na ndizi zao nyekundu, nikanunua kichane cha Shangazi. Baada ya hapo ndipo gari linapoanza kupanda ukuta wenyewe, kona juu ya kona, na Ziwa Manyara linabaki chini upande wa kushoto, jeupe kwa mwanga wa asubuhi. Chini ya mlima Babu alikuwa anavua kofia na kufanya ishara ya msalaba. Juu ya mlima alikuwa anaivaa tena na kuanza kusimulia, na ukiwa mjukuu uliyeketi naye ulijua kwamba hadi Karatu husemi neno.

Simulizi lenyewe nalijua kwa moyo. Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, alitoka mbele ya wenzake tangu bastola ilipolia katika mita 1,500, na mbele akabaki. Wakati huo watu wa mbio hizo walizoea kuviziana, kila mmoja akitunza nguvu ya mzunguko wa mwisho. Bayi hakumvizia mtu. John Walker, mwenyeji, alimkaribia sana mwishoni asimfikie, na Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu. Dakika 3, sekunde 32.16. Rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun, iliyokuwa imekaa tangu 1967, ikavunjwa na mtoto wa Karatu.

Msimulizi mwingine angeishia hapo. Babu ndipo alipokuwa anaingia kwenye alilotaka kusema. Tarehe 2 Februari ni Sikukuu ya Kutolewa kwa Bwana Hekaluni, siku ambayo mishumaa hubarikiwa na waamini huingia kanisani kwa maandamano. Babu alikuwa katekista wa kigango, kanisa dogo chini ya parokia, na siku ile alikuwa ameshika mshumaa wake mbele ya watu akiwafundisha habari za mzee Simeoni, aliyesubiri miaka mingi hekaluni hadi akampakata Mtoto. "Simeoni alisubiri," alikuwa anatuambia, "na sisi tulikuwa tunasubiri." Kila mwaka mishumaa ilipobarikiwa, Bayi alitajwa nyumbani kwetu. Nilikuwa mkubwa kiasi nilipotambua kwamba si Wakatoliki wote duniani wanaofanya hivyo.

Karatu tulishusha abiria na magunia, dereva akanywa chai, nami nikazunguka kidogo kunyoosha miguu. Magari ya watalii yanaendelea na lami kwenda lango la Ngorongoro. Sisi tunakata kusini, na hapo udongo mwekundu unaanza. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, kwa hiyo mara mbili tulishuka sote ili gari lipite kwenye tope likiwa jepesi. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alianza kuimba wimbo wa Majilio tukiwa tunatembea pembeni, na wengine wakamwitikia. Mashamba ya mahindi na maharage yalikuwa yamechipua, mikaratusi imesimama kwenye vilima, na kadiri tulivyopanda baridi ilizidi, ile baridi ya Mbulu ambayo watu wa pwani hawaamini kwamba ni Tanzania hii hii.

Nilitumia mwendo huo kumfikiria vizuri, maana mjini huwa namfikiria kwa haraka.

Babu alikuwa na kalenda moja kwa mambo yake yote. Kila Januari alitundika ukutani kalenda ya kanisa, yenye watakatifu na rangi za liturujia, na juu yake aliandika kwa kalamu. Kuzaliwa kwa mtoto, ubatizo, Komunyo ya kwanza, ng'ombe aliyeuzwa kulipa ada, na mbio. Mwaka ukiisha aliikunja na kuiweka kwenye sanduku la bati. Hakuwa na kitabu cha michezo pembeni wala cha familia pembeni. Kwake siku ilikuwa moja, na kila kilichotokea ndani yake kilikuwa cha Mungu.

Tulifika mchana. Shangazi alikuwa mlangoni, kanga mbili mabegani.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umepita kwa Babu yako?"

Alimaanisha Karatu. Ndivyo tunavyoiita njia ile.

Jioni, baada ya makande na chai, sanduku lilifunguliwa mezani. Kalenda ya zamani kuliko zote iliyosalimika panya ni hiyo ya 1974, na kwenye Februari 2 pameandikwa jina la Bayi na saa yake, wino umekuwa wa kahawia. Ya 1978 ilituchukua muda mrefu. Agosti 6 amechora msalaba: Papa Paulo wa Sita amefariki. Chini kidogo, katika juma lilelile la maombolezo, Gidamis Shahanga ameshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, Kanada. Na katikati ya hayo mawili, Baba Mdogo amepata jino la kwanza. Baba Mdogo, ambaye sasa ana mvi, aliisoma mara mbili na kutoka nje.

Ya 1980, Julai 31, sikukuu ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola: Bayi, medali ya fedha Moscow, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Aliongoza tena, na safari hii alikamatwa katika mzunguko wa mwisho na Bronisław Malinowski wa Polandi. Shangazi anakumbuka kwamba vijana wa nyumba walihuzunika, naye Babu akawatuliza kwamba aliyempita anatoka nchi ya Papa Yohane Paulo wa Pili, basi fedha hiyo imebaki katika ukoo.

Kalenda ya 1968 haipo, lakini siku yake hakuna asiyeijua. Tarehe 20 Oktoba ilikuwa Jumapili, Jumapili ya Kimisionari duniani kote. Huko Mexico City John Stephen Akhwari, mtu wa hapa hapa Mbulu, alianguka akaumia goti katikati ya marathoni, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda zaidi ya saa nzima kabla yake. Giza lilikuwa limeingia na uwanja umebaki na watu wachache Akhwari alipoingia akichechemea. Wakasimama wakampigia makofi hadi mstari. Maneno aliyosema baadaye, kwamba nchi yake haikumtuma mbali namna ile ili aanze mbio bali azimalize, yamekuwa ya dunia nzima.

Babu aliyaheshimu maneno hayo. Lakini alikuwa na mambo mawili zaidi, na hapa ndipo ninapomwona yeye mwenyewe. La kwanza ni hesabu. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, Akhwari akiwa wa mwisho wao. Basi wapo 18 walioacha njiani, na hao Babu aliwaombea. Katika rozari ya jioni, kila Jumapili ya Kimisionari, fungu moja lilikuwa la wale 18 wa Mexico, ambao majina yao hakuyajua. La pili ni wale watu wachache waliobaki uwanjani. Hawakuwa ndugu wa Akhwari na pengine hawakujua Tanzania iko wapi. "Walimpokea," alikuwa anasema. Hilo neno alilirudia kuliko jingine lolote.

Kutokana na hilo alitunga sheria yake. Kila mwaka, sikukuu ya somo wa parokia, yaani mtakatifu wake msimamizi, alipanga mbio za watoto kutoka kigango kimoja hadi kanisani, kupanda na kushuka, zawadi zikiwa ndoo, sabuni na madaftari. Sheria ilikuwa moja: hakuna mtoto wa kukimbia bila mtu wa kwao kumpokea mwisho. Baba alitoka shambani, mama aliacha sufuria. Mtoto asiye na mzazi alipangiwa mtu na Babu mwenyewe, kwa jina, Jumapili iliyotangulia, mbele ya waamini wote. Na mtu huyo hakuruhusiwa kuondoka hadi mtoto wake afike, hata akiwa wa mwisho, hata mvua ikinyesha. Bibi alituambia jioni ile kwamba wapo waliokuja kuoana na kulea watoto wa wenzao kwa sababu ya kupangiana mstarini pale. Mapadre walibadilika, kuanzia Wapalotini wa Ayalandi hadi vijana wa jimbo letu wenyewe, na kila paroko mpya aliipokea sheria hiyo kama sehemu ya parokia.

Mpira wa miguu aliupenda pia, na alichezesha mechi za vigango kwa filimbi iliyofungwa kwenye uzi, lakini hapo hakuwa tofauti na wazee wengine wengi.

Siku tuliyomzika sikulia hadi mwisho kabisa, wakati wa kuaga mwili, padre aliposali ile sala ya kale inayoomba malaika wamwongoze marehemu peponi na wafia dini wampokee anapofika. Nilimtazama Bibi. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayeelezwa jambo ambalo mumewe alishamweleza zamani.

Misa ya kumbukumbu ilisomwa asubuhi, kanisa limejaa, rangi ya zambarau altareni. Kwaya iliimba vizuri. Padre hakuhubiri sana, akamshukuru Mungu kwa makatekista waliotembea kwa miguu kuifikisha Injili vilimani huku, akamtaja Babu. Kisha tulitoka nje, na mbio zikaanza.

Nilipangiwa mtoto. Shangazi ndiye anayepanga siku hizi, na aliniita mbele ya watu kama Babu alivyokuwa anaita. Kijana mwenyewe ni wa darasa la sita, anaishi na bibi yake ambaye miguu haimruhusu kutoka. Nilisimama mstarini pamoja na akina mama waliokuwa na chupa za maji na sweta. Wa kwanza walifika wakiwa wepesi kabisa, wengine pekupeku, na mzee mmoja jirani yangu akasema hawa wana miguu ya Simbu, yule mkimbiaji wa marathoni. Kisha wakaja makundi makundi. Kisha mmoja mmoja. Wangu hakuwa wa mwisho, lakini nilikuwa nimeshaanza kuangalia mawingu alipotokea kwenye kona ya mikaratusi, ameshika ubavu, anatazama nyuso za watu kumtafuta nani ni wake. Nilipaza sauti jina lake. Alicheka akiwa bado anakimbia. Alikunywa maji yote, akaniuliza kama ni kweli natoka Dar es Salaam na kama nimewahi kumwona Simbu kwa macho.

Hilo la Simbu lilimaliziwa nyumbani jioni. Kalenda ya mwaka huo, 2025, Shangazi ameitundika palepale kwenye msumari wa Babu, na Septemba 15 ilikuwa bado tupu. Alikuwa anatusubiri. Siku hiyo, huko Tokyo, Alphonce Simbu alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wenyewe wa marathoni, wote wawili kwa saa 2:09:48, wakitenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika Mashindano ya Dunia ya riadha. Ni kumbukumbu ya Bikira Maria Mama wa Mateso, Shangazi alikwisha kuangalia. Baba Mdogo alitaka aandike yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa wa wanaume. Bibi akasema aandike yule mwenye mwandiko mdogo, maana nafasi ni ndogo na siku ileile kuna ubatizo wa kitukuu. Akaandika binamu yangu wa kidato cha pili: ubatizo kwanza, Simbu chini yake.

Kisha tukapanga ya mwaka uliofuata. Wapo waliotaka mbio zibaki sikukuu ya somo, wapo waliotaka zihamie Jumapili ya Kimisionari, Oktoba, kwa ajili ya Akhwari na wale 18. Walibishana hadi taa ikaongezwa mafuta. Bibi akaamua: zitakuwa mbili. Mimi nimepewa ndoo na madaftari ya Oktoba, na Shangazi ameshaniandikia ukubwa wa ndoo kwenye karatasi, lita 20, zenye mfuniko.