Kabla ya Mwezi Kuandama

Ramadhani imekaribia, kwa hiyo nimeanza kupanga upya picha za ukutani. Binti yangu ana sindromu ya Down: kromosomu yake ya 21 (kromosomu ni nyuzi za urithi ndani ya chembe za mwili) iko mara tatu badala ya mbili, ndiyo maana siku ya watu wenye hali hii huadhimishwa duniani tarehe 21 mwezi wa 3. Wengi wao hushika wanachokiona upesi kuliko wanachoambiwa, tena matatizo ya masikio huwapata sana. Ndiyo sababu ratiba ya siku yake tumeibandika jikoni kwa picha: mswaki, chai, sare, shule, daftari, chakula, kulala. Ni picha za vitu vyake mwenyewe, tulizopiga kwa simu. Akimaliza jambo, anabandua picha yake na kuitia koponi.

Mtoto anayejua kinachofuata hahangaiki, na nguvu ambayo angeitumia kuhangaika inabaki ya kusomea. Hilo naliamini kabisa.

Sare tunamfundisha kuanzia mwisho. Nafunga vifungo vyote, kile cha mwisho nakipenyeza nusu, yeye anakivuta. Akishakiweza, namwachia akipenyeze mwenyewe, kisha namwongezea cha juu yake. Kwa hiyo kila asubuhi anayemaliza kazi ni yeye. Misuli yake ni milegevu tangu kuzaliwa, na vidole vinavyohangaika na kifungo ndivyo vitakavyoshika penseli. Shangazi yake akiona tunachelewa hutamani kumvalisha tu. Namwomba asubiri, maana dakika hizo mtoto anazihitaji kuliko sisi.

Sasa mwezi ukiandama, chakula cha jioni kitahamia baada ya magharibi, na watu watakesha. Kulala kwake hakutasogea, asiyelala hasomi. Daftari litakaa kabla ya adhana, na kando yake nimeweka picha ya tende: kwanza daftari, kisha tende. Nimeanza kumwonyesha mapema, kidogo kidogo. Na kugawa tende itakuwa kazi yake, kila sahani tende tatu. Hesabu hiyo ataielewa kuliko vijiti vya darasani, kwa sababu kuna mtu anayeisubiri sahani.

Mama mkwe anakuja kufunga nasi. Nimempigia simu: "Shikamoo mama, tende naomba asigawe mtu mwingine." Akaitikia, akauliza picha yake yeye itabandikwa wapi. Nimemwambia atume ya karibuni, aliyovaa mtandio wake wa kila siku, ili mjukuu amtambue.