"You open, see!": nilivyomfundisha Mchina wa Kariakoo neno "open"

Mteja alikuwa ametoka Zambia, mmoja wa wale wanaokuja Kariakoo kuchukua mzigo wa jumla. Alishika taa ya sola ya mkononi, anaigeuzageuza. Mwenye duka, mama wa Kichina niliyekuwa nimeanza kumfundisha Kiingereza jioni, akamwambia kwa bashasha: "You open! Open, see!" Mteja akafanya alichoambiwa. Akakamata kifuniko cha nyuma, akakizungusha kwa nguvu, meno yakakatika, betri ikachomoza na waya zake. Mama akapiga ukelele. Mteja naye akang'aka: ameambiwa afungue, amefungua. Mzigo wa katoni kadhaa ukaishia pale pale, akaondoka.

Somo la jioni ile likawa moja tu: taa hatusemi "open", tunasema "turn on". Nikamwandikia, akarudia mara ishirini. Kesho yake nafika, joto la Februari limekaza, ananipokea kwa kusema, "Laoshi, hot, I open fan." Laoshi ni mwalimu kwa Kichina, ndivyo alivyoniita mpaka leo. Wiki nzima ikaenda hivyo. Nikaanza kudhani hanisikilizi, na dhana hiyo niliijutia, kwa sababu mtu huyu alikuwa anasimama dukani tangu saa mbili asubuhi, na jioni anatoa daftari lake bila kukumbushwa.

Siku moja nikaacha kusahihisha. Nikamwomba aniambie kwa Kichina kila anachotaka kukisema kwa "open". Kufungua mlango, kai men. Kuwasha taa, kai deng. Kuendesha gari, kai che. Kufanya mkutano, kai hui. Daktari kukuandikia dawa, kai yao. Ua kuchanua, kai hua. Maji yaliyochemka, kai shui. Kila mahali kai, kwa sauti ya juu isiyopanda wala kushuka. Alipokuwa shuleni kwao alifundishwa kwamba kai kwa Kiingereza ni "open", basi, na yeye amekuwa mwaminifu kwa somo hilo miaka yote.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu wa Tanga. Hakuwahi kusema "niwashie redio". Alisema "nifungulie redio", na ikimchosha, "ifunge". Na bomba la maji mpaka leo tunalifungulia. Kwa hiyo kosa la huyu mama halikuwa geni kabisa masikioni mwangu, ila lugha yake imelisambaza neno hilo mbali zaidi kuliko yetu.

Alinichorea na herufi yenyewe. Ile ya zamani ina mlango wa mabawa mawili, ndani yake kuna komeo, na chini ya komeo mikono miwili inayoliinua. China ilipoanza kurahisisha maandishi yake mwaka 1956, mlango uliondolewa, ikabaki 开, yaani komeo na mikono. Niliitazama sana ile picha. Ukiwa na mikono inayoondoa kizuizi, umeme unapita, gari linaondoka, ua linatoka. Nikaona mantiki yake, na nadhani tangu hapo nikawa mwalimu bora kidogo kwake.

Tukachukua ukurasa mzima wa daftari. Kai katikati, mishale pande zote, na mwisho wa kila mshale sentensi kamili ya pale pale dukani, kamwe si kitenzi peke yake. "Turn on the lamp." "My husband drives the van." Nikampa na kipimo cha kutumia mteja akiwa mbele yake: ukishamaliza tendo hilo, unaona ndani? Boksi, unaona. Mlango, unaona. Taa, huoni ndani, unaona mwanga tu, basi hapo "open" haikai. Kipimo hiki hakitoshi kila mahali. Kufungua akaunti benki hakuna ndani ya kuona, lakini hapo Kichina, Kiswahili na Kiingereza vinakubaliana wenyewe, kwa hiyo sikugusa.

Mshale uliotuchukua muda mrefu ni wa risiti. Wateja wa jumla wanadai risiti ya mashine, na yeye alikuwa anawaambia "I open you receipt", maana kwao ni kai fapiao. Sisi tunakata risiti. Mwingereza anaiandika au anaitoa. Lugha tatu, karatasi moja, na hakuna hata moja inayoweza kumcheka mwenzake. Nilimfundisha "I'll write you a receipt" na tulifanya mazoezi kwa kitabu cha risiti cha zamani hadi kikaisha.

Kisha kibao cha mlangoni. Alikuwa ameandika kwa mkono upande mmoja "OPENED", upande wa pili "CLOSE". Akaniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: kwa nini "closed" ina mkia na "open" haina? Nikamjibu kwa Kiswahili, ambacho anakijua cha sokoni. Duka *limefunguliwa* ni habari ya kitendo, mtu kaja na funguo. Duka *liko wazi* ni hali, ndivyo lilivyo sasa. "Open" ya kibao ni wazi. Kwa upande wa pili wa kibao Kiingereza hakitumii neno la namna hiyo, kimekitia kitenzi "close" mkia. Akafuta, akaandika upya kwa kalamu nene.

Wiki mbili baadaye nikapata ujumbe wake: "Today sell many. I am very open heart." Kai xin, moyo uliofunguka, ndiyo furaha kwao. Nikamwambia Mwingereza akisoma hivyo atafikiria upasuaji, aandike "happy". Ila nikamwambia pia kwamba Kiswahili kina moyo mkunjufu, moyo usiokunjwa. Alinitaka nimtamkie mara tatu.

Jana nilipofika alikuwa ameshachora ukurasa mwingine mwenyewe. Katikati ameweka guan, kufunga, na mishale yake: guan men, guan deng, na chini kabisa guan xin. Nikauliza maana ya hilo la mwisho. Akasema ni kumjali mtu. Nikashangaa, inakuwaje kufunga moyo kuwe kujali? Akatikisa kichwa, akaweka kidole juu ya herufi. "Laoshi, hapa siyo kufunga. Hapa kuhusika."