Joto Kwanza, Maziwa Baadaye

Kila anayesikia kwamba ninalea watoto wa paka waliookotwa bila mama huniuliza kwanza wananyonya nini. Swali hilo ni la haki, ila mimi siku hizi huanza na joto kabla ya maziwa. Mtoto wa paka wa juma la kwanza hawezi kujitunzia joto la mwili. Akitengwa na mama na ndugu zake hupoa upesi, na akishapoa tumbo lake hushindwa kusaga chakula, hivyo maziwa anayopewa kwa huruma humdhuru badala ya kumwokoa. Ndiyo maana huyu wa mwisho kuletwa, mwenye baka jeupe puani, alikaa kwanza kifuani pangu ndani ya sweta, kisha kando ya chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo, na nilipomtia kidole kinywani nikakuta pana uvuguvugu, ndipo nilipokwenda kukoroga maziwa.

Maziwa yenyewe ni ya unga, yaliyotengenezwa mahususi kwa watoto wa paka. Ya ng'ombe siyatumii, kwa kuwa protini yake haiwatoshi na laktosi, yaani sukari ya maziwa iliyomo, huwaharisha, na kiumbe cha gramu 100 na ushei kikiharisha hukaukiwa maji upesi mno. Huyapasha hadi kiasi cha nyuzi 38 za Selsiasi, nikadondosha tone kwenye kifundo cha mkono, kisha humlaza kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kama alalavyo anapomnyonya mamaye. Picha za paka aliyepakatwa chali huku akinyweshwa huwapendeza wengi, lakini mimi hunikera, kwa sababu mkao huo hurahisisha maziwa kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Chupa siikamui, humwachia avute mwenyewe. Akiishika chuchu barabara, ulimi hujikunja kama mfereji kuizunguka, masikio hucheza kwa kila funda, na miguu ya mbele husukuma vidole vyangu kwa zamu, kushoto, kulia, bila kuchoka.

Akishashiba huja kazi ambayo hakuna anayeipiga picha. Hadi atimize majuma 3 hivi, mtoto wa paka hawezi kwenda haja bila kusaidiwa. Mama humlamba, nami humpangusa taratibu kwa pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu mpaka mkojo utoke. Huutazama rangi, kwani ukikolea manjano ni dalili kwamba maji mwilini hayatoshi. Katika juma la kwanza mzunguko huu wote hurudiwa kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana, na sijui njia ya mkato.

Chombo ninachokiamini kuliko vyote ni mizani ya jikoni. Macho hudanganywa na manyoya, na kelele si ushahidi wa afya, lakini mtoto anayekua vyema huongezeka takribani gramu 10 hadi 15 kwa siku. Asipoongezeka, humchunguza upya kuanzia joto hadi tundu la chuchu, ambalo likiwa dogo mno humchosha kabla hajashiba. Akipungua, nampigia simu daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Wale wakubwa wameingia juma la 5 na meno yameshachomoza, kwa hiyo nawakorogea chakula laini pamoja na maziwa yao katika kisahani kipana. Huingia humo kwa miguu yote, wakapiga chafya, kisha wakagundua ladha kwa kujilamba nyayo. Huyu wa baka jeupe bado ni wa chupa, katika boksi lake chumba cha pili, kwa kuwa mgeni anaweza kuja na viroboto au maradhi. Nanawa mikono kila nitokapo kwake, na sitamchanganya na wenzake mpaka daktari aridhike.