Moshi Ndani ya Bani

Februari 1998 mvua za El Niño zilikuwa bado hazijatuacha pale Urambo, mkoani Tabora. Tumbaku ilikuwa imeiva na tumbaku iliyoiva haisubiri. Jani likipitisha siku zake linatoka madoa ya kahawia likiwa bado kwenye mche. Jumatatu tulivuna majani matatu kwa kila mche, tukayafunga kwenye fito mgongo kwa mgongo, na kufikia jioni fito 280 zilikuwa zimeshapandishwa ndani ya bani la Baba, nyumba ya kukaushia tumbaku. Hiyo ni zaidi ya tani 1 ya majani mabichi. Ukikausha vizuri unapata kilo 150 hivi, kwa sababu jani bichi karibu lote ni maji, na mwaka ule wa mvua maji yalizidi.

Tumbaku yetu inaitwa ya mvuke. Jina hilo linaweza kumpoteza asiyeijua kazi, maana hakuna maji yanayochemshwa. Mdomo wa tanuri uko nje ya bani. Joto na moshi huingia kwenye bomba la bati nene, bomba linazunguka sakafuni, linarudi na kutokea kwenye dohani upande ule ule wa tanuri. Jani linapata joto la bomba peke yake. Moshi haupaswi kuligusa hata kidogo.

Shemeji, mume wa dada, alikuwa amekuja siku zile kumchukua dada aliyejifungulia nyumbani. Yeye ni mtu wa Namtumbo, kule Ruvuma, na amekulia kwenye tumbaku ya moshi. Kwao moto unawashwa sakafuni, ndani kwa ndani, chini ya majani yenyewe. Alipoliona bomba letu alimuuliza Baba, "Sasa baba, huo moshi mzuri mnautupa nje?"

"Mkwe wangu," Baba alimjibu, "moshi wako unauzwa Songea. Hapa wangu unanirudishia mtumba mzima wa tumbaku nyumbani, haununuliwi."

Saa 40 za mwanzo ndizo zinazoamua karibu kila kitu, na hapo hakuna mbinu ya mkato. Jani lililoning'inizwa bado lina uhai. Tulilishikilia kwenye nyuzi 32, tukapanda taratibu hadi 38, madirisha ya juu na ya chini yamefungwa ili unyevu usitoke. Katika hali hiyo ukijani unapotea na wanga unageuka sukari. Dirishani tulikuwa na vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kimevishwa kitambaa kinachonyonya maji kutoka kwenye kikombe. Vikipishana nyuzi 1 au 2 tu, hewa ina unyevu wa kutosha. Tofauti ikizidi mapema, jani linakauka likiwa kijani, na ukijani uliokaukia humo hautoki tena hata ulifanyie nini.

Mwaka wa mvua unakudanganya hapa. Jani la shamba lililolowa ni jembamba, mbolea imechukuliwa na maji, kwa hiyo linageuka njano haraka kuliko kawaida. Mtu anayehesabu saa za mwaka jana analichelewesha. Linabaki la njano, limejaa maji, kwenye joto la vuguvugu, na kabla hujageuka limeshakuwa kahawia. Jumatano asubuhi Baba alilipapasa jani la majaribio lililo karibu na mlango. Lilikuwa njano, limelegea kama kitambaa, na ukijani kidogo umebaki kwenye uti wa katikati ya jani tu. Adhuhuri akafungua madirisha robo, tukaanza kupandisha joto kidogo kidogo, nyuzi 1 kwa saa moja au moja na nusu.

Saa nane usiku tulikuwa tumefika 47. Shemeji alikuwa zamu ya moto pamoja nami. Alisimama dirishani, akavuta pumzi, akasema, "Shemeji, humu mna moshi. Na si wa leo mchana, ni wa sasa hivi."

Mimi sikunusa kitu. Mtu aliyekaa siku tatu kwenye mdomo wa tanuri pua yake imeshazoea. Tulimulika kwa tochi na kweli, kwenye kona ya nyuma, pale bomba linapogeuka, uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unapanda kwenye fito za ngazi ya chini. Chanzo kilikuwa kuni mbichi. Kuni zilizoloa hutoa mvuke mwingi, nao ukifika sehemu ya bomba iliyo mbali na moto unapoa na kugeuka majimaji meusi na makali. Majimaji hayo hula bati. Ndiyo maana bomba mara nyingi linatoboka nyuma kwenye kona, ambako joto ni dogo.

Tulikuwa katikati ya njia mbili mbaya. Tukiacha moto, moshi unaendelea kuingia. Tukizima, joto linashuka jani likiwa nusu kavu, na hatua hiyo ndiyo jani linapoharibika upesi zaidi. Baba alikata shauri upesi: kuni na makaa vyote vitolewe nje, madirisha na mlango vifunguliwe dakika kumi. Makaa hayatoi moshi, lakini yana sumu isiyo na harufu, na watu wamefia kwenye vyumba vya namna hiyo. Shemeji alitaka kuingia yeye. Baba alikataa, hawezi kumtambaza mkwe wake chini ya fito. Nikafungwa kamba kiunoni na shuka mbichi mwilini, nikaingia.

Tundu lilikuwa la ukubwa wa sarafu. Nililizungushia kipande cha debe, nikakikaza kwa waya, kisha juu yake nikakandika udongo wa kichuguu uliokorogwa na majivu. Udongo wa kawaida unapasuka bomba likipata moto. Wa kichuguu unashika. Kazi ile haikufika nusu saa, ila kipimajoto kilikuwa kimeshuka hadi 41.

Shemeji akashauri tuwashe moto mkubwa ili turudishe zile nyuzi haraka. Kwenye tumbaku yake isingekuwa kosa kubwa. Tumbaku ya moshi ni jani nene, limeachwa likomae hadi likakunjamana shambani, linaning'inizwa siku kadhaa lipate rangi, kisha linapata moto wa chini chini kwa wiki kadhaa, unaozimwa na kuwashwa tena. Linatakiwa liwe kahawia iliyokolea. Letu, lenye maji, ukilipiga joto la ghafla linababuka kama lililomwagiwa maji ya moto. Tulipandisha nyuzi 1 kila nusu saa hadi 47, kisha tukarudi kwenye mwendo wetu. Tulilishikilia kwenye 53 hadi ubapa wote, sehemu pana ya jani, ukakauka, kisha tukapanda hadi 70 kukausha uti. Hapo hatukuruhusu joto lishuke hata kidogo, kwa kuwa uti usiokauka hurudisha maji kwenye ubapa na kuacha mstari mweusi pembeni yake. Kupita 74 nako ni kuiunguza sukari, jani linapata wekundu.

Siku ya saba tulizima moto, tukafungua mlango usiku ili jani linyonye unyevu na kulainika, maana kavu kabisa linavunjika mikononi. Tulishusha lilipokunjika bila kupasuka huku uti ukivunjika kwa sauti. Fito 31 za kona ya nyuma zilinuka moshi. Nyingine 60 hivi zilikuwa na kingo za kahawia, gharama ya zile nyuzi 6. Baba alitenga zote za moshi. Mkono mmoja wa harufu, yaani fungu dogo tu la majani, ukiingia kwenye mtumba, mnunuzi anaushusha daraja mtumba mzima.

Shemeji alichukua jani moja lenye moshi, akalisugua viganjani, akanusa muda mrefu. Alisema hata Namtumbo lisingenunuliwa. Lilikuwa jepesi, halina ile gundi inayonata vidoleni, na chini ya moshi bado linanukia utamu. Moshi wa usiku mmoja ulikuwa umekaa juu juu tu.

Kabla ya kupakia mzigo uliofuata Baba alinunua kona mpya ya bomba. Tuliwasha majani mabichi kwenye tanuri bani likiwa tupu na madirisha yamefungwa, nami nikasimama ndani na tochi nikikagua kila kiungo, hadi moshi mzito ukaonekana dohani na ndani hakukuwa na kitu.