Jenerali Hakulala Bandani

Jumapili usiku. Nimetoka Worcester, Pennsylvania, kwenye shamba la Peter Wentz. Nyumba ni ya mwaka 1758, ya mawe, imejengwa na familia ya asili ya Kijerumani iliyotaka kufanana na wakubwa wa Kiingereza: mlango katikati, madirisha yamepangwa kwa ulinganifu kama askari wa gwaride. Ukiingia ndani, adabu hiyo inakwisha. Sehemu ya chini ya kuta imejaa madoa na michirizi ya rangi, ya kuchangamka hasa. Wakarabati walikuta alama zake chini ya rangi za miaka ya baadaye, wakazirudisha. Nimezipenda kupita kiasi.

Ila nyumba hii imetunzwa hivi kwa sababu ya mgeni. Oktoba 1777 Jenerali George Washington, aliyeongoza jeshi la Wamarekani katika vita vya uhuru dhidi ya Waingereza, aliifanya makao yake, kabla na baada ya mapigano ya Germantown. Kaunti ya Montgomery ilinunua shamba mwaka 1969, na mwaka 1976 likafunguliwa kwa watu.

Mimi nilitaka kujua habari za mabanda. Huku hayo ndiyo majengo ya akili. Hujengwa penye mteremko. Chini ni mawe, humo hulala ng'ombe na farasi. Juu ni mbao. Upande wa mlimani udongo umepandishwa mpaka usawa wa ghorofa, kwa hiyo mkokoteni wa nyasi uliingia juu moja kwa moja na farasi wake. Katikati ni sakafu ya kupuria nafaka, kando ni nyasi kavu, na chakula cha mifugo kikiangushwa tu chini. Upande wa pili ghorofa imechomoza, mnyama akasimama chini yake asinyeshewe, na mara nyingi huelekezwa kusini ili ua upate jua la kipupwe. Boriti zimeshikana kwa ulimi na tundu, yaani ncha iliyochongwa ya moja inaingia kwenye tundu la nyingine, kisha zikapigwa msumari wa mti. Hata vile vipenyo vyembamba vya ukutani vina kazi ya kupitisha hewa: nyasi zikiwekwa mbichi hupata joto zenyewe, na zinaweza kuwaka bila mtu kuzitia moto.

Kinachoyaua si umri, ni maji. Bati moja linang'oka, mvua inafika kichwa cha nguzo, ulimi unaoza ndani ya tundu ambako huoni. Siku utakayoona, banda limeshainama. Balaa jingine ni saruji. Mtu anaona chokaa imebomoka kati ya mawe, anaziba kwa saruji akidhani ameimarisha. Chokaa hupumua, saruji hufungia unyevu ndani, na jiwe linaanza kumeguka. Sisi tuliokulia Mji Mkongwe tunaujua ugonjwa huu. Kuta zetu za mawe na chokaa zimepigwa lipu ya saruji na watu wenye nia njema kabisa.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa naangalia mabanda yaliyoinama. Matrekta ya leo hayapiti kwenye milango yake, nyasi hufungwa marobota makubwa na kuachwa nje ndani ya plastiki. Banda halina kazi, na mkulima hana sababu ya kulipia paa lisilomletea kitu. Ndipo anapokuja mnunuzi wa mbao. Boriti zilizochongwa kwa shoka zinaishia kupamba ukuta wa mgahawa mjini, na wateja wanazipiga picha.

Wapo wanaonuna banda likigeuzwa ukumbi wa harusi. Eti heshima imepotea. Heshima gani, na popo wamehamia? Serikali kuu ya Marekani hutoa nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya gharama za ukarabati, iwapo jengo limeidhinishwa kuwa la kihistoria na linaingiza kipato. Mimi ningekuwa na banda, ningelikodisha kwa harusi kila Jumamosi, ngoma zilie mpaka saa sita usiku, na Jumatatu namwita fundi wa paa.