Redio imeuzwa, kanda ninazo mimi

Redio yetu ya hapa mjini, huku mkoani Tanga, imeshabadilisha mwenyewe mara mbili. Aliyeianzisha alikuwa mfanyabiashara mpenda muziki. Akamwachia mwanasiasa, na mwanasiasa alipoanguka kura za maoni hamu ikamwisha. Sasa ni ya kampuni ya Dar.

Hisa za redio hazihami kimyakimya, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, lazima iridhie kwanza. Wakati karatasi zinazunguka, sisi wa studio tulikaa bila bosi wala mshahara wa kueleweka. Ndio muda nilioutumia kuokoa kanda.

Wanunuzi walipokuja kuhesabu mali waliandika mlingoti, mtambo, jenereta, mpaka feni mbovu. Kabati la kanda za kaseti wakalipita. Kijana aliyeshika orodha akaniambia, "Mzee wangu, hizi za nini tena? Kila kitu kipo YouTube." Nikamwomba anitafutie huko kina mama wa taarabu wa mtaa wa pili, waliokuja kuimba studio kwetu na udi wenye nyuzi pungufu. Akacheka. Mbaraka Mwinshehe na Atomic Jazz sikuwa na shaka nao, hao wana pa kupatikana. Mimi nilihangaikia vya hapa: salamu za Idi, ngoma, bendi za vijana ambazo zimeshakufa.

Sikubishana naye. Nilimwambia aandike "kanda chakavu, kabati 1", na mimi nisaini kuwa mtunzaji. Akaandika, akagonga muhuri. Karatasi hiyo nimeilaza pamoja na hati ya kiwanja.

Kuhamishia kwenye kompyuta sasa! Niliambiwa ninunue kideki kidogo cha kuchomeka USB. Usinunue. Sauti ilitoka kama mtu anaimba ndani ya pipa. Nikarudia deki ya zamani, kebo ikaingia kwenye laptopu, nikapata muziki mzuri na mlio wa mmmmm chini yake. Fundi mmoja akasema ni athi, ule waya wa umeme wa kushuka ardhini: nichimbie nondo nyuma ya nyumba, nimwage chumvi na mkaa. Nikachimba, jua la saa saba, majirani wakiuliza nani amefariki. Mmmmm ukabaki palepale. Fundi akasema basi nondo fupi, tuongeze. Nikamlipa nauli aende zake.

Jioni mjukuu wangu akachomoa chaja ya laptopu ili achomeke simu yake. Mlio ukakatika papo hapo! Kumbe unapita kwenye chaja. Tangu hapo nachaji ikijaa, nachomoa, narekodi kwa betri mpaka inaisha. Nondo bado ipo, tunaanikia nguo.

Jambo jingine ambalo mafundi hawalisemi: kando ya kichwa cha deki, kile kinachosoma kanda, kuna skrubu ndogo. Kanda ikiwa inacheza, igeuze kwa bisbisi nyembamba, kidogo sana, kushoto na kulia. Sauti iliyofifia inafunguka, unasikia matari na kila "s" ya mwimbaji. Rudia kwa kila kanda, maana hazikurekodiwa na deki moja. Yenye ukungu usiicheze kabla hujaisafisha, itachafua kichwa na kuharibu zinazofuata.

Gharama? Kebo ni hela ya chai, kilichokula pesa ni ile nondo.

Wenye redio wapya walianza na muziki unaojipanga wenyewe kutoka Dar, mchana na usiku. Simu za salamu zikakauka, na wenye maduka wakaanza kuuliza wanalipia tangazo lisikilizwe na nani. Kijana yule wa orodha, sasa meneja, akaja nyumbani. "Shikamoo mzee." Safari hii kofia mkononi. Anataka kipindi cha Jumapili.

Nimempa nakala, kanda hazitoki. Na nimemwambia kununua redio si kununua nyimbo: kila wimbo utajwe bendi yake, na mirabaha ya wasanii alipe. Kasema atafikisha juu. Jumapili iliyopita bendi zilitajwa, mbili kwa majina yasiyo yake, nimempelekea orodha iliyoandikwa kwa herufi kubwa.